Chawa Mrukaji Aliyehama Kwao, na Jina Lililomficha



Mkarafuu hauko peke yake ulimwenguni. Una jamaa zake, wengine twawajua na wengine hatujapata kuwaona. Mzambarau ni ndugu yake, na mtufaa ni ndugu yake. Wataalamu wa mimea huiweka miti hii yote katika jamii moja iitwayo Syzygium. Zamani mkarafuu wenyewe uliandikwa vitabuni kwa jina la Eugenia, na mpaka leo watu wa bustani katika nchi nyingi hulitumia jina hilo kwa baadhi ya miti ya jamii hii. Basi tukisikia kwamba yuko mdudu aliyehama kwao akaishambulia miti ya jamii ya mkarafuu katika nchi nyingine, yatupasa kusikiliza kama mtu asikilizavyo habari ya msiba wa jamaa wa mbali. Hatupigi mayowe, lakini twauliza ilikuwaje.

Makala haya hayasemi kwamba mdudu huyo yuko Unguja au Pemba. Twaileta habari yake kwa sababu ina mafunzo mawili yanayomhusu kila mwenye shamba. La kwanza, mdudu mgeni hafuatiliwi wala hapigwi vita vizuri mpaka ajulikane jina lake la kweli. La pili, ushahidi wa kumjua hutoka shambani, kwa mtu aliyetazama jani, akaweka alama, akaandika tarehe.

CHAWA MRUKAJI NI MDUDU GANI?

Ni mdudu mdogo sana. Urefu wake mara nyingi ni milimita 2 mpaka 4 tu. Ukimtazama kwa kioo cha kukuzia utamwona kama nyenze aliyefanywa mdogo. Kichwa chake ni kipana, mabawa ameyalaza mgongoni kama paa la nyumba, na miguu ya nyuma ina nguvu. Ukimgusa huruka ghafla, ndiyo sababu twamwita chawa mrukaji. Wataalamu humwita silidi.

Mdudu huyu hatafuni jani kama panzi au kiwavi. Ana mdomo kama sindano, huuchoma ndani ya jani changa akanyonya utomvu wake. Wengi wao hutoa maji matamu, na juu ya maji hayo huota ukungu mweusi kama masizi. Aina zilizokwisha kupewa majina ulimwenguni zapata 4,000, na karibu kila aina ina mti wake au jamii yake ya miti. Mkubwa aweza kutua popote akapumzika, bali kutaga mayai na kulea watoto hawezi ila juu ya mti wake. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

SAFARI YA MDUDU MMOJA

Mdudu tunayemsimulia kwao ni Australia ya mashariki. Jike hutaga mayai madogo ya rangi ya dhahabu, hasa pembezoni mwa majani machanga. Watoto wakiisha kuanguliwa hutambaa kidogo, kisha kila mmoja huchagua mahali chini ya jani akatulia hapo akinyonya. Jani nalo, kwa kuwa bado lakua, hubonyea pale alipokaa. Ukiligeuza utaona kidimbwi kidogo, na ndani yake mtoto bapa wa rangi ya manjano. Ukilitazama kwa juu utaona kinundu, mara nyingi chekundu. Vidimbwi vikiwa vingi jani hujikunja, hubadilika rangi, na mara nyingine hupukutika. Mdudu mkubwa ni wa rangi ya kahawia iliyokoza, na tumboni ana mkanda mweupe.

Mwaka 1952 mtaalamu Leonard Tuthill aliandika habari za wadudu wa namna hii wa New Zealand, na mmoja wao akampa jina la Trioza adventicia. Neno hilo la pili ni la Kilatini, na maana yake ni mtu wa kuja, asiye mwenyeji. Jina lenyewe lilikuwa onyo: huyu si wa hapa, ametoka ng'ambo.

Mwaka 1988 mdudu wa namna hiyo alionekana California, Marekani. Huko watu walikuwa wamepanda kwa wingi mti wa Australia uitwao Syzygium paniculatum. Si mti wa kuvuna; ni mti wa ua na mapambo, hukatwa kwa mkasi ukawa kama ukuta wa kijani. Hapo mdudu alipata karamu. Ua ukikatwa kila mara hutoa machipukizi kila mara, na chipukizi ndilo chakula chake. Majani mapya yalijaa vinundu, yakajikunja, na nyua zilizokuwa fahari ya mtaa zikaharibika sura. Dawa ya kupuliza haikumfikia vizuri mtoto aliyejificha ndani ya kidimbwi chini ya jani, na chipukizi jipya likitoka, mdudu alirudi.

NYIGU ALIYEFUATWA AUSTRALIA

Mtaalamu Donald Dahlsten wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzake, walishika njia nyingine. Walijiuliza: huko Australia mdudu huyu ana adui gani amzuiaye asienee kupita kiasi? Wakampata nyigu mdogo sana, asiyeuma mtu, ambaye hutaga yai lake chini ya mtoto wa chawa. Yai likianguliwa, funza wa nyigu humla mtoto yule mpaka akabaki ganda tupu, kisha nyigu mpya hutoboa ganda akatoka. Mwenye macho makali aweza kuliona tundu hilo la duara, na huo ni ushahidi kwamba nyigu yupo kazini. Nyigu huyo baadaye aliitwa Tamarixia dahlsteni, kwa jina la Dahlsten.

Kuanzia mwaka 1992 nyigu waliachiwa katika sehemu mbalimbali za California. Sehemu mojawapo ilikuwa bustani za Disneyland, mjini Anaheim. Nyigu wakashika, wakazaana, na mdudu akapungua katika sehemu nyingi walikoachiwa.

Pamoja na nyigu walipata funzo la mkono ambalo mkulima yeyote atalielewa. Mkata ua akikata machipukizi yenye chawa, mayai na watoto waliomo hufa majani yakikauka. Lakini watoto waliokwisha kutagiwa na nyigu ndani yao mna rafiki yetu. Matawi hayo yakikusanywa na kuchomwa moto siku ileile, rafiki huchomwa pamoja na adui. Kwa hiyo watu wa California walishauriwa wayaache matawi chini karibu na ua kwa muda wa wiki 3 au zaidi, ili nyigu wapate kutoka warudi mtini. Kazi ni ileile na mkasi ni uleule, ila umeongezwa ujuzi.

JINA LILILOMFICHA

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Huyo mdudu wa California aliitwa nani?

Kwa miaka mingi aliandikwa kwa jina la Trioza eugeniae. Jina hilo lilitolewa mwaka 1901 na Walter Froggatt, mtaalamu wa wadudu wa New South Wales, kwa mdudu wa Australia. Ikawa wataalamu wakadhani kwamba Trioza adventicia wa Tuthill na Trioza eugeniae wa Froggatt ni mdudu mmoja mwenye majina mawili, na kwa desturi ya kazi hiyo jina la zamani ndilo hushinda. Jina la mgeni likafutwa, na vitabu vikaandika eugeniae kila mahali.

Miaka ya karibuni wataalamu walirudi kulichunguza jambo hili upya, wakakata shauri kwamba wadudu hawa ni wawili. Yule wa Froggatt amebaki kwao Australia. Aliyesafiri mpaka New Zealand na California ni yule wa Tuthill, Trioza adventicia, mtu wa kuja kama alivyoitwa tangu mwanzo. Maana yake ni kwamba kwa muda mrefu msafiri mmoja alitembea na cheti cha mwenziwe.

Huenda mwanachama akasema, "Hayo ni mambo ya wasomi. Mimi mdudu akila majani yangu, yanihusu nini jina lake?" Twajibu kwamba yakuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, jina huonyesha kwao ni wapi, na adui wake wa asili hutafutwa kwao. Nyigu wa namna hii ni mchaguzi. Ukienda kumtafuta juu ya chawa asiye wako, utarudi na nyigu asiyemgusa chawa wako, na fedha na miaka vitakuwa vimepotea.

Pili, jina huonyesha mti aupendao. Habari za aina mbili zikichanganywa katika kitabu kimoja, orodha ya miti huwa ya uongo. Mkulima atahofia mti usio na hatari, na mti wenye hatari atauacha bila ulinzi.

Tatu, jina ndilo hufuata nyayo. Mtu wa bandarini akitaka kujua mdudu fulani amefika nchi zipi, hufungua kumbukumbu za jina lake. Jina likiwa la mwingine, nyayo nazo zitakuwa za mwingine.

Visiwani kwetu tunao mfano wa zamani. Wazee wanayo habari ya maradhi ya mikarafuu kufa ghafla, mti mkubwa wenye afya ukanyauka kwa muda mfupi. Katika miaka ya 1950 wataalamu Nutman na Roberts waliyachunguza hapahapa, wakamtaja mwenye kuyaleta kuwa ni kuvu aitwaye Valsa eugeniae. Hata hilo neno eugeniae latokana na jina la zamani la mkarafuu. Mpaka adui alipotajwa kwa jina, watu walikuwa wakipigana na kivuli.

WALIOKWISHA KUFIKA KWETU

Asidhani mtu kwamba chawa warukaji ni habari za ng'ambo tu. Wenye mifugo wanaujua mlusina, mti wa malisho na mbolea ya majani, ambao asili yake ni Amerika ya Kati. Chawa wake, Heteropsylla cubana, ni wa huko huko. Mwaka 1984 alionekana Hawaii, mwaka 1986 alikuwa amefika Indonesia na Australia, na mwaka 1992 aliingia Afrika Mashariki, Tanzania na Kenya zikiwamo. Katika miaka michache alivuka bahari mbili, na mashamba ya mlusina yakabaki vijiti. Lakini kwa kuwa jina lake na kwao vilijulikana, njia ya kumtafutia adui ilikuwa wazi. Katika miaka ya 1990 nyigu wadogo waliletwa kutoka Trinidad wakaachiwa, na mmoja wao ni wa ukoo uleule wa Tamarixia tuliokwisha kuutaja.

Mwingine ni chawa wa michungwa wa Asia, Diaphorina citri. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba ameonekana Morogoro, na mwaka 2017 habari zake za Kenya zikaandikwa. Huyu ni mbaya zaidi, maana hubeba maradhi ambayo Wachina huyaita huanglongbing, yaani maradhi ya chipukizi la manjano. Mchungwa ukiisha kuambukizwa hauna dawa ya kuuponya. Florida, Marekani, mdudu alionekana mwaka 1998 na maradhi yakaonekana mwaka 2005. Msimu wa 2003–2004 Florida ilivuna makasha milioni 242 ya machungwa. Msimu wa 2023–2024 ilivuna kiasi cha milioni 18 tu. Vimbunga navyo vilichangia, lakini maradhi ndiyo sababu kubwa.

Hapa pia jina lina kazi. Afrika ina chawa wake mwenyewe wa michungwa, Trioza erytreae, ambaye hupenda nchi za baridi za milimani. Mtu wa pwani akimwona chawa juu ya mlimau na kusema, "Huyu ni yule wetu wa siku zote," huenda amempisha mgeni wa Asia, mwenye kustahimili joto, aingie bila hodi. Na huyo wetu naye amekuwa mgeni wa watu: mwaka 1994 alionekana Madeira, mwaka 2002 visiwa vya Canary, na mwaka 2014 Hispania bara upande wa kaskazini-magharibi. Wahispania nao ikawabidi kufuata nyigu wake Afrika Kusini.

Wahenga wetu husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa namna hii haji kumponya mwenyeji.

NAMNA YA KUTAZAMA MIKARAFUU NA JAMAA ZAKE

Mkulima wa karafuu ana shida mbili akimtafuta chawa mrukaji, na yafaa azijue kabla hajaanza.

Shida ya kwanza ni rangi. Majani machanga ya mkarafuu kwa maumbile yake hutoka mekundu au ya waridi, na huo si ugonjwa. Kwa hiyo usitafute wekundu. Tafuta vinundu juu ya jani, kisha ugeuze jani utazame kama chini yake pana vidimbwi.

Shida ya pili ni wadudu gamba. Kila mchumaji anayajua majimoto, na wengine wanayo makovu. Majimoto katika mikarafuu huwafuga wadudu gamba kwa ajili ya maji yao matamu, mtaalamu M. J. Way aliichunguza habari hiyo Unguja katika miaka ya 1950. Mtoto wa chawa mrukaji akiwa ndani ya kidimbwi hufanana na gamba. Tofauti ni hii: gamba jike likikomaa hubaki palepale, halina mabawa, chawa akikomaa huvua ngozi, hupata mabawa akaenda zake, na kidimbwi hubaki kitupu katika jani.

Basi twashauri hivi:

Kwanza, chagua miti michache iliyo karibu na njia yako, mikarafuu na mizambarau na mitufaa, uitazame kila miti inapotoa machipukizi mapya. Kitalu cha miche kitazamwe zaidi kuliko vyote, maana mche mmoja wenye mayai chini ya majani huweza kuhamisha mdudu kutoka kisiwa hata kisiwa katika siku moja ya safari.

Pili, tandaza kitambaa cheupe chini ya tawi, ulipige tawi kwa fimbo mara tatu au nne, kisha utazame kilichoanguka. Vyerere, buibui na sisimizi utawajua. Kidudu kinachoruka ghafla chataka kutazamwa.

Tatu, usihukumu kwa mdudu mkubwa peke yake. Mkubwa huweza kuletwa na upepo akatua juu ya mti usio wake, kama kunguru atuavyo juu ya paa la mtu. Mayai na watoto juu ya jani ndiyo hati ya kwamba mti huo ni wake.

Nne, ukiwaona, watie wakubwa na watoto ndani ya kichupa cha spiriti. Mdudu aliyehifadhiwa hivyo huweza kuchunguzwa umbo lake, na hata alama za urithi zilizomo mwilini mwake. Mdudu aliyepondwa kidoleni hana ushahidi wowote. Andika karatasi ndogo uitie ndani ya kichupa: tarehe, shehia, jina la mti, na jina la aliyemkuta. Andika kwa penseli. Wino huyeyuka ndani ya spiriti, na kichupa kisicho na maandishi hakina faida.

Tano, usibebe tawi lenye wadudu hai ukapanda nalo gari au boti kwenda kumwonyesha mtu. Utakuwa umefanya kazi ya mdudu kwa nauli yako mwenyewe. Kichupa kipelekwe kwa bwana shamba au bibi shamba wa wilaya, naye atajua namna ya kukifikisha kwa wataalamu.

Sita, aliyetazama asione kitu naye aandike. Kumfuata mdudu si kujua alipo tu. Ni kujua pia alikokuwa hayupo na tarehe ipi. Siku akija kuonekana, daftari la wale wasiomwona ndilo litakalotuambia ameingia lini na kwa upande gani.

Saba, usilete miche ya miti ya jamii hii kutoka ng'ambo, hata mmoja wa mapambo, bila cheti cha afya ya mimea. Mti uliomkaribisha mdudu California ulikuwa mti wa ua tu, wala hapana mtu aliyeutegemea kwa chakula. Kwetu jamaa wa mti huo ndio ada za skuli za watoto, ndio nyumba, ndio akiba ya uzee.

Wala tusiwe wepesi wa kupuliza dawa kwa kila kidudu kirukacho. Visiwa vyetu vina nyigu na buibui wake wenye kula wadudu bure, bila mshahara, na dawa haichagui. Kwanza ajulikane ni nani, ndipo tuulize afanywe nini.

Mwanachama atakayetazama miti yake msimu huu na alete karatasi yake katika mkutano wa tawi, ikiwa na kitu au haina. Makatibu wa matawi wazipokee zote, waziweke katika daftari moja kwa shehia na tarehe, na lisomwe mbele ya wanachama kabla ya uchumaji kuanza.